Ahadi Iliyoganda

Ndugu msomaji, mtu akisimulia kisa chake mwenyewe aghalabu huchagua kile kinachompamba. Mimi leo nataka kusimulia kisa kilichonivunjia uso, kwani nimeona faida yake ni kubwa kuliko haya niliyoipata, na si vyema mtu kuificha faida kwa kuchunga heshima yake. Kisa chenyewe ni cha pikipiki iliyokataa kuwaka asubuhi ya baridi. Huenda ukasema: Pikipiki na baridi yatuhusu nini sisi watu wa pwani, ambao baridi yetu ni upepo wa kusi wa mwezi wa saba? Nakuomba uvumilie hadi mwisho, kwani ndani ya kisa hiki mna ahadi, na ahadi haina pwani wala bara.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu. Tangu mwaka 2012 nakaa na mke wangu na watoto katika jimbo la Minnesota, kaskazini ya Marekani, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka mji wa Duluth, ulioko kwenye pembe ya magharibi ya ziwa Superior. Baridi ya huko haina mfano kwetu. Katika jimbo hilohilo, mahali paitwapo Tower, tarehe 2 Februari 1996 ilipimwa baridi ya digrii 51 chini ya sifuri. Friza mnazogandishia samaki huko nyumbani hukaa katika kiasi cha digrii 18 chini ya sifuri. Basi sisi katika usiku mwingi wa Januari tukitoka nje tuna baridi kuliko samaki hao.

Theluji nayo ina hila yake. Ikianguka ni nyepesi kama sufi, na mgeni huiona pambo. Lakini ikirundikana hadi magotini, kisha upepo ukaishindilia, huwa nzito kama magunia ya chumvi iliyolowa. Gari la serikali hupita kusafisha barabara kuu, na katika kusafisha huko hutupa ukingo wa theluji mbele ya kila nyumba. Toka hapo ni juu ya mwenye nyumba kujifungulia njia. Asiyeifungua ni mfungwa: hatoki yeye wala haingii mtu kwake, awe mgeni au daktari.

Kwa ajili hiyo nilinunua pikipiki ya magurudumu manne, ile waiitayo ATV. Ilikuwa imekwisha kutumika, lakini bado ina nguvu. Mbele yake hufungwa bamba pana la chuma la kusukumia theluji, na bamba hilo huinuliwa na kuteremshwa kwa winchi ya umeme, kwa kubonyeza kitufe kilicho karibu na mkono. Kazi ya saa mbili kwa beleshi huwa ya robo saa. Nakiri kwamba nilipoipanda mara ya kwanza nilijiona nahodha.

Jirani yangu ni mzee wa miaka 76, kizazi cha Wafini, ambao walihamia kwa wingi sehemu hizo zamani kufanya kazi ya madini na kukata miti. Yeye alikuwa fundi wa mitambo katika machimbo ya chuma hadi alipostaafu. Mimi humwita Mzee, kwa neno letu hili hili la Kiswahili, naye ameshalizoea na hulipenda. Mkewe ana maradhi ya figo, na mara tatu kwa wiki hana budi kupelekwa hospitali kusafishwa damu kwa mashine, kiasi cha saa nne kila mara. Zamu yake huanza saa moja ya asubuhi. Njia ya kutoka nyumbani kwao hadi barabarani ni mita 60.

Miaka yote Mzee alikuwa akimlipa mtu mwenye gari kubwa kuja kumsafishia njia kila theluji inapoanguka. Mimi nilipopata pikipiki yangu nikamwambia, "Mzee, muache mtu huyo. Njia yako ni juu yangu." Akakataa. Nikamwambia mara ya pili, akakataa. Mara ya tatu nikamwambia kwamba kwetu jirani kumlipa mtu wa mbali hali mimi nipo ni kunivunjia heshima. Hapo akanitazama sana, akanipa mkono, na yule mwenye gari akaambiwa asije tena. Msimu wa kwanza ulipita salama, na sifa nikazila zote.

Januari ya 2022 theluji ilianguka mchana kutwa na usiku, hata siku ya pili jioni ndipo ilipokatika. Katika muda huo nilitoka mara nne, kila mara dakika kumi au kumi na tano, kwangu na kwa Mzee, nikairudisha pikipiki chini ya turubai. Kisha mbingu ikatakata, nyota zikatoka. Wenyeji wa huko hawaipendi mbingu hiyo, kwani mawingu ndiyo blanketi la nchi. Yakiondoka, joto lote lililobaki hupaa juu. Saa kumi na nusu ya alfajiri kipimo changu cha dirishani kilionyesha digrii 29 chini ya sifuri. Upepo wa usiku ulikuwa umerudisha theluji njiani, na gari la serikali limekwisha kupita na kuacha ukingo wake uliofika kiunoni.

Nikafunua turubai, nikatia ufunguo, nikabonyeza stata. Mashine ikajigeuza mara moja kwa uzito, kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati wake, kisha ikanyamaza. Nikavuta choki nikabonyeza tena, na huku navuta resi kwa pupa. Ikageuka nusu. Nikabonyeza tena na tena bila ya kuipumzisha, hata mwisho nikawa nasikia "tk, tk, tk" tu. Taa nayo ikafifia hata ikazimika.

Nikachukua beleshi nikakimbilia kwa Mzee. Mke wangu alipoona taa ya pikipiki haikuwaka alijua. Akavaa makoti mawili, akaja na beleshi la pili, akaniambia, "Baba Maryamu, tuanzie barabarani, ndiko kuliko na kazi." Hakusema neno jingine, na hilo lilinitosha. Tukachimba. Jasho likiganda kwenye nyusi, pumzi zikituchoma kifuani. Saa kumi na mbili tulikuwa hatujafika robo ya njia. Hapo ukafunguliwa mlango, na Mzee akatoka na beleshi lake mkononi. Nilimwendea mbio nikamsihi arudi ndani, kwani kazi hiyo katika baridi hiyo huwaua wazee kwa moyo kila mwaka, na yeye alijua kuliko mimi. Hakurudi. Akasimama akichota kidogo kidogo, na nyuma yake, dirishani, mkewe amekwisha kuvaa koti na kofia, mkoba magotini, anangoja.

Saa moja ikapita. Saa mbili ikapita. Njia ilipofunguka zamu ilikuwa imekwisha kupotea. Mzee alipiga simu hospitali akaambiwa nafasi iliyoko ni ya kesho yake jioni. Mtu asiyesafishwa damu kwa wakati wake maji humjaa mwilini na sumu humzidi. Kwa hiyo usiku ule mama yule aliulalia kiti, hawezi kulala chali kwa pumzi kumbana, na Mzee yu kando yake, simu mkononi, tayari kuita gari la wagonjwa. Mimi nilikuwa nyumbani kwangu naitazama taa yao, nayo haikuzimwa hata kukapambazuka. Alhamdulillahi, jioni yake alifika hospitali, akatengenea.

Asubuhi ile, tulipokuwa tumesimama njiani na mabeleshi yetu, nilimwambia Mzee, "Nisamehe, mashine imenitupa." Akajibu kwa upole, bila ya hasira yoyote: "Mashine haikuniahidi kitu, rafiki yangu."

Ndugu msomaji, nimepata kutukanwa maishani mwangu, lakini sijapata kusikia neno lililoniingia kama hilo.

Siku ya tatu Mzee akaja kwangu mwenyewe na kipimo chake cha umeme na mkoba wa spana. Nilikuwa nimejitayarisha kumweleza jinsi pikipiki ilivyo mbovu na jinsi aliyeniuzia alivyonidanganya. Hakuniuliza hayo. Aliuliza: "Betri uliijaza lini? Oili ni ya lini? Petroli hii umeinunua lini?" Nikawa kama mtoto wa chuoni asiyedurusi.

Alianza na betri. Akaitoa, akaiingiza ndani ya nyumba ipate joto kwanza, akaniambia kwamba betri iliyoishiwa huganda kama maji, na iliyoganda ukiitia chaja yaweza kupasuka. Ilipopata joto akaipima. Betri iliyojaa, ikiwa imetulia, huonyesha kiasi cha volti 12.7. Yangu ilikuwa 11.8, yaani karibu na tupu. Akanieleza kwamba ndani ya betri umeme huzaliwa kwa dawa kufanya kazi juu ya risasi, na baridi huifanya kazi hiyo izorote. Katika digrii 18 chini ya sifuri betri iliyojaa hutoa kiasi cha nusu tu ya nguvu zake. Sasa yangu haikuwa imejaa. Na aliyeimaliza ni mimi. Kila nilipoinua bamba, winchi ilikula umeme mwingi kuliko ule unaozalishwa na mashine inaponguruma polepole. Nikiinua na kuteremsha mara thelathini katika dakika kumi na tano, kisha nikazima na kwenda kunywa chai, nilikuwa nimekopa kwenye betri na sikulipa. Mara nne nilikopa siku zile mbili, na alfajiri nilipokwenda kudai, hazina ilikuwa tupu.

La pili ni oili. Niliyokuwa nayo ilikuwa ya namba 10W-40, iliyotiwa tangu kiangazi. Ile namba iliyo kabla ya herufi W huonyesha jinsi oili inavyotiririka katika baridi. Ikiwa ndogo, oili hubaki nyepesi zaidi. Katika baridi ile oili yangu ilikuwa nzito kama asali ya mwisho wa chupa, na betri dhaifu ikatakiwa iisukume pistoni ndani yake. Tena akachomoa kijiti cha kupimia oili, akanionyesha utandu mweupe kama maziwa. Yalikuwa ni maji. Mashine ikiwashwa kwa muda mfupi na kuzimwa haipati moto wa kutosha kuyakausha, basi hujikusanya ndani, hata huweza kuganda katika mpira wa kupumulia mashine.

La tatu ni petroli. Sikupata kujua kwamba katika nchi za baridi petroli ya msimu wa baridi hutengenezwa ili iwe nyepesi kugeuka mvuke kuliko ile ya kiangazi. Mashine haichomi petroli ya maji, huchoma mvuke wake. Mimi nilikuwa na dumu nililolijaza mwezi wa Agosti, na nalo ndilo nililoendelea kumiminia. Juu ya hayo, petroli nyingi ya huko huchanganywa na spiriti ya mahindi, asilimia 10, na spiriti huvuta unyevu wa hewani. Basi ile petroli iliyoingia haikugeuka mvuke. Ililowesha plagi, na plagi iliyolowa haitoi cheche ya maana.

La nne ni mkono wangu. Katika kabureta ya aina ile, choki hufungua tundu dogo la kuongeza petroli, na petroli hiyo hufyonzwa na mvuto wa mashine yenyewe inapozunguka hali resi haijaguswa. Mimi kwa pupa yangu nilivuta choki na resi kwa pamoja, kwa hivyo nilichokitoa kwa mkono mmoja nilikizuia kwa mkono wa pili. Na tena niliibonyeza stata mfululizo, ilhali inatakiwa ubonyeze sekunde chache, uipumzishe, ndipo urejee.

Mzee alipokwisha akafuta mikono, akasema pikipiki ni nzima kabisa. Laiti angesema ni mbovu!

Usiku ule nilimkumbuka ami yangu wa Lamu, Mungu amrehemu, aliyekuwa na boti ya mashine. Kusi kali inapokaribia, wenziwe wakivuta boti zao pwani na kwenda zao, yeye alikuwa akikaa mchanga na mashine yake siku nzima. Akiimaliza petroli yote ya ndani ya kabureta, akiitoa plagi na kuipaka oili, akiisuuza mashine kwa maji matamu kuondoa chumvi. Sisi vijana tulikuwa tukimcheka, tukimwambia, "Ami, bahari imefungwa, wafanya haraka ya nini?" Naye akitujibu kwamba siku ya kwanza ya msimu haitengenezwi siku hiyo. Na kweli, bahari ilipofunguka, mashine yake iliwaka kwa mvuto wa pili au wa tatu, na wengine walikuwa wangali kwa fundi. Nilikuwa nayo elimu hiyo tangu utoto, nikaiacha Lamu pamoja na vikoi vyangu, nikidhani huku niendako haina kazi.

Basi nikarudi kwenye elimu ya ami. Nilinunua chaja ndogo ile isiyong'olewa, inayoilinda betri siku zote za baridi. Oili nikamwaga, nikatia ya 0W-40, ambayo kitabu cha pikipiki kimeiruhusu kwa baridi kali. Petroli kuukuu nikaitoa yote, hata iliyobaki chini ya kabureta, na sasa nanunua kidogo kidogo, mpya. Plagi nikaibadilisha, na moja ya akiba iko katika kasha. Kila nikimaliza kusukuma theluji naizungusha pikipiki nje nusu saa, mashine ipate moto na betri ilipwe deni lake. Na nasema nje, kwani moshi wa mashine katika banda lililofungwa huua watu bila ya kuwaonya. Bamba nalilaza juu ya ubao lisigande na ardhi. Na jambo la mwisho, ambalo lilinigharimu majivuno kuliko fedha: nilimwendea yule mwenye gari kubwa, nikapatana naye, nikamlipa kwa mfuko wangu, kwamba siku nitakayompigia simu kabla ya saa kumi na moja, aje. Namba yake nimeibandika ukutani.

Ndugu zangu, mimi sikuwa mwongo siku niliyompa Mzee mkono. Nia yangu ilikuwa safi, na hata asubuhi ile nilijitahidi hadi mikono ikachubuka. Lakini nimefahamu kwamba ahadi hutimizwa kabla ya siku yake. Siku yake ikifika, kinachoonekana ni hesabu tu ya yale uliyoyatenda au uliyoyaacha miezi iliyopita. Mimi nilidhani nimemwahidi Mzee theluji. Kumbe nilimwahidi betri iliyojaa, na oili ya namba yake, na nusu saa ya kusimama kwenye baridi wakati chai yangu inapoa. Hayo hayakuwa na wa kuyaona wala kuyasifu, ndiyo maana nikayaacha. Na ubaya wa ahadi ni huu: mtu akikuamini, huacha njia yake nyingine. Mzee alikuwa na mtu wake na alikuwa salama. Mimi kwa wema wangu nilimwondolea usalama wake, kisha nikalala.

Tazama basi ndugu msomaji, ni wangapi kati yetu wamewaambia watu, "Hilo niachie mimi." Kuna aliyeahidi kuangalia jenereta ya zahanati. Kuna aliyeshika ufunguo wa pampu ya maji ya mtaa, na kuna aliyesema kwamba mjamzito akishikwa usiku boti yake ipo. Ajiulize kila mmoja leo, mchana huu, hali hakuna aliyemwita: Je, nikiitwa usiku, itawaka?

Msimu uliopita theluji ilianguka tena usiku, na alfajiri baridi ilikuwa digrii 27 chini ya sifuri. Nilivuta choki, nikaacha resi bila ya kuigusa, nikabonyeza. Ikageuka mara tatu, ikakohoa, ikanguruma. Nilipofika mwisho wa njia ya Mzee nikaona taa ya jikoni imewashwa, na gari lao limeanza kutoa moshi. Saa kumi na mbili na nusu walinipita wakienda zao. Mama aliinua mkono dirishani. Mzee hakuinua, alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, kama afanyavyo mtu asiyekuwa na wasiwasi wa njia.